MIGUU YA MWANAMKE WA KAZI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Kibiti)



Najua ya kuwa mikutano yetu imezoea habari za mishahara, nyumba, likizo, kupandishwa vyeo na malipo ya uzeeni, na mtu akisimama kusema habari za viatu yamkini wengine watacheka. Na wacheke kwa sasa. Ila nawaomba wanisikilize mpaka mwisho, maana jambo hili si dogo kama lionekanavyo. Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika kilipoanzishwa Tanga mwaka wa 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa mbele ya waanzilishi wake, watumishi walipata njia ya kusema kwa pamoja yale ambayo mtu mmoja hakuthubutu kuyasema peke yake. Nami leo nataka kusema kwa ajili ya watumishi wasiothubutu kusema: wanawake wanaotakiwa na wakubwa wao wavae viatu vya visigino virefu, ndivyo viitwavyo mchuchumio, tangu asubuhi mpaka jioni, nao wamesimama.

Maneno yangu nimeyagawa mafungu matano. Kwanza nitaeleza jinsi kiatu kilivyokuwa alama ya daraja katika nchi zetu. Pili, kisigino kirefu kinavyoutendea mwili. Tatu, kwa nini madhara yake ni makubwa zaidi katika nchi hii ya Kibiti na delta ya Rufiji. Nne, yaliyofanywa katika nchi nyingine. Na tano, yatupasayo kufanya sisi.

Basi naanza na fungu la kwanza. Katika pwani yetu kiatu hakikuwa kamwe kitu cha kukinga unyayo tu. Unguja katika karne ya 19 mtumwa alikwenda miguu mitupu, na kuvaa viatu kwake kulihesabiwa kuwa ni kujikweza. Mabibi wa kiungwana wa Unguja na Lamu walivaa mitalawanda, yaani viatu vya mbao vilivyoinuka kutoka chini, vingine vimepambwa kwa fedha. Walakini tukumbuke walivivaa wapi: ndani ya nyumba na uani, ili maji na uchafu visiguse unyayo. Hatua zake zilikuwa chache, na bibi alipochoka alivivua mwenyewe bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Zikaja serikali za kigeni, na desturi ile ikaendelea kwa sura nyingine. Askari wa King's African Rifles, na polisi na matarishi wengi, kwa miaka mingi walipewa sare, kofia na mshipi, bila viatu. Wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 hata sare hawakupewa. Wengi wao walipita katika nchi hii hii ya Rufiji mwaka wa 1917, wakati wa mvua kubwa na mafuriko, na miguu yao iliharibika kwa majeraha na funza. Funza naye si mwenyeji wa Afrika: aliletwa Angola kwa meli iliyotoka Brazil mwaka wa 1872, akasafiri na misafara ya watu kutoka magharibi, akafika pwani yetu kabla ya karne ile kwisha. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele aliwalaza chini wanaume waliozoea kubeba mizigo mizito safari za siku nyingi. Hapo yapatikana fundisho la kwanza: mtumishi mwenye mguu mbovu hana kazi, hata awe na nguvu na akili namna gani.

Na kisigino kirefu chenyewe asili yake nini? Hakikubuniwa kwa ajili ya wanawake. Kilivaliwa na wanaume wapanda farasi wa Uajemi, ili mguu ushike barabara katika kikuku cha tandiko wakati mpandaji anaposimama kupiga mshale. Karibu na mwaka wa 1600 desturi hiyo ilifika Ulaya, wakubwa wakaipenda, hata mfalme Louis XIV wa Ufaransa akavaa visigino virefu ili aonekane mkuu. Baadaye wanaume wakaviacha, wanawake wakabaki navyo. Basi kilikuwa chombo cha kazi ya farasi, kikawa pambo la wakubwa, na leo kimekuwa sharti la kazi kwa binti aliyesimama mapokezini, ambaye hana farasi wala si mfalme.

Zamani mkubwa alimnyima mtumishi kiatu ili daraja yake ya chini ionekane. Leo mkubwa amtaka mtumishi avae kiatu kirefu ili uzuri wa ofisi uonekane. Mambo haya mawili ni ndugu, maana katika yote mawili mguu wenyewe haukuulizwa.

Sasa fungu la pili, habari za mwili. Mguu wa mwanadamu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Mtu akisimama juu ya unyayo ulio sawa, uzito wa mwili hugawanyika baina ya kisigino na sehemu ya mbele, na kisigino, kwa kuwa mfupa wake ni mnene, huchukua sehemu iliyo kubwa. Kiinue kisigino, uzito wateremkia mbele. Watu wa delta wataelewa upesi nikitoa mfano wa mtumbwi. Shehena ikipangwa sawa baina ya omo na tezi, mtumbwi hwenda vizuri. Shehena yote ikisukumwa omo, mtumbwi huinamia mbele, na mpiga kasia huchoka bure. Mwanamke aliyevaa mchuchumio ni mtumbwi uliopakiwa omo, na mpiga kasia ni misuli ya miguu na ya mgongo, ifanyayo kazi mchana kutwa kumzuia asianguke kifudifudi.

Madhara yake ni haya. Ngozi chini ya vidole huota sugu. Kiatu chenye ncha nyembamba hubana vidole, yakatokea malengelenge, na kucha ikaota ndani ya nyama. Dole gumba husukumwa upande wa vidole vingine, na kifundo chake kikatokeza nje kama nundu. Ikiwa mwenye mguu ana asili ya ugonjwa huo katika ukoo wao, kiatu chembamba huuongeza. Mshipa wa fahamu upitao kati ya kidole cha tatu na cha nne hubanwa, ukavimba, na mwenye mguu huhisi kama amekanyaga kokoto ambayo haipo. Tena kuna kuteguka kifundo cha mguu, jambo la ghafula ambalo hutokea ngazini au penye sakafu yenye maji.

Hayo ni ya mguu wenyewe. Goti nalo halisalimiki. Mwaka wa 1998 madaktari wa Marekani walipima mwendo wa wanawake waliovaa visigino virefu, wakaona ya kuwa nguvu inayolemea goti, upande wa ndani na nyuma ya kifuniko cha goti, yaongezeka karibu robo nzima kuliko mtu atembeapo miguu mitupu. Sehemu hizo ndizo ambazo maradhi ya kulika kwa goti hupenda kuanzia, nayo huwapata wanawake wengi kuliko wanaume.

Hapo hutokea mtu akasema, “Lakini wenyewe wamezoea, hata wakivaa viatu vya chini huona taabu.” Ni kweli, wala wale wanaosema hivyo hawasemi uwongo. Mwaka wa 2010 wataalamu wa Ulaya walitoa habari za uchunguzi wao juu ya wanawake waliokuwa wamevaa visigino vya sentimita 5 na zaidi kwa miaka 2 au zaidi, karibu kila siku. Waliona ya kuwa nyuzi za misuli katika shavu la mguu zimekuwa fupi kwa kadiri ya sehemu 12 katika 100, na kano ya kisigino imenenepa na kukakamaa. Ndiyo sababu mwanamke huyo akivua viatu na kukanyaga chini huona maumivu nyuma ya mguu. Asemapo “nimezoea”, maana yake ni kwamba mwili wake umekwisha kubadilika kwa ajili ya kiatu, na kiatu hakikubadilika hata kidogo kwa ajili yake.

Nakuja fungu la tatu, ambalo latuhusu sisi wa hapa.

Kibiti si Dar es Salaam. Ni kweli ya kuwa tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka wa 2003, njia ya kwenda Lindi na Mtwara imechangamka, na mji wetu umeona maduka, nyumba za wageni na ofisi. Pamoja na hayo zimekuja desturi za mjini, na mojawapo ni hii ya kwamba mwanamke wa mapokezi au wa dirishani hana budi kusimama amevaa kiatu kirefu. Amri hii aghalabu haiandikwi. Husemwa kwa mdomo: “Vaa kama watu wa ofisi,” au, “Wageni wanakuja, mbona umevaa makubazi?” Na binti wa kazi ya muda, ambaye mkataba wake utakwisha baada ya miezi michache, haitaji kuambiwa mara mbili. Hununua viatu kwa fedha yake mwenyewe, naye mshahara wake ni wa chini kuliko wa yule aliyemwagiza.

Lakini ardhi haijui desturi za mjini. Ukiacha barabara ya lami hatua chache tu, wakanyaga mchanga mtupu. Kisigino chembamba huzama kama mti wa kupandia mahindi. Masika mchanga huwa matope. Na huko delta mambo ni magumu zaidi. Delta yetu ina msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki, zaidi ya hektari 50,000, na watu wa vijiji vyake vingi hutegemea njia ya maji. Mwalimu au mkunga anayekwenda Salale au Mbwera hupanda chombo, na maji yakiwa yamekupwa huteremka katika tope, viatu mkononi, sketi imekunjwa, akitazama asikanyage mizizi ya mikoko iliyochomoza kama misumari. Afikapo huosha miguu na kuvaa viatu ili awe “kama watu wa ofisi”. Mguu uliolowa muda mrefu, ngozi yake imelainika, ukitiwa ndani ya kiatu kinachobana hupata lengelenge upesi.

Pengine mtaniuliza, lengelenge ni nini? Kwa mtu wa mahali pengine, ni jambo la siku tatu. Kwetu sisi laweza kuwa jambo la maisha. Nchi hii ya Rufiji na pwani yake tangu zamani ni nchi ya matende. Mpango wa taifa wa kuondoa ugonjwa huu kwa kugawa dawa kwa watu wote ulianzia Mafia mwaka wa 2000, kisiwa kinachokabili delta yetu, kisha ukaenea mahali pengine. Dawa hizo hupunguza vijidudu katika damu ili mbu asiwachukue kwa mtu mwingine. Walakini mguu uliokwisha kuvimba haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Minyoo ya matende huharibu njia za majimaji ya mwili, na mguu ukawa hauna tena nguvu ya kujisafisha. Hapo kila mchubuko, kila ufa kati ya vidole, ni mlango wa vijidudu vingine. Mguu huwaka moto, homa hupanda, mtu hulala siku kadhaa, na kila mara uvimbe huongezeka. Wataalamu wamefundisha dawa ya namna ya kujitunza, nayo ni rahisi: osha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kausha vizuri kati ya vidole, inua mguu ukikaa, fanya mazoezi ya kifundo, na vaa kiatu kinachokuenea, kisichobana wala kuchubua. Sasa fikirini mwanamke ambaye mguu wake umeanza kuvimba kidogo, ambaye hajamwambia mtu kwa sababu ya haya, naye aambiwa avae kiatu chembamba chenye kisigino cha inchi 3. Amri ile yapingana na matibabu neno kwa neno.

Si matende tu. Ugonjwa wa kisukari waongezeka mijini na mashambani, na mwenye kisukari cha muda mrefu hupoteza fahamu za miguu, akawa hahisi jeraha mpaka limeoza. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam amefanya kazi ya miaka mingi kuwafundisha madaktari na wauguzi wa nchi hii kuitazama miguu ya wagonjwa wa kisukari kabla ya jeraha kuwa kubwa, ili miguu isikatwe, na katika mafundisho hayo kiatu kifaacho ni sehemu ya tiba. Na wazee wa Rufiji hawahitaji kufundishwa jambo hilo, maana wanaijua Kindwitwi, kijiji cha wagonjwa wa ukoma, alikohudumu Padre Robin Lamburn mpaka alipofariki mwaka wa 1993. Mguu usio na fahamu huharibiwa na kiatu kibaya kama unavyoharibiwa na kutembea bila kiatu. Mwisho niwataje wajawazito: katika miezi ya mimba viungo hulegea, miguu huvimba, na uzito husogea mbele. Kumwinua mwanamke wa namna hiyo juu ya visigino ni kumweka katika hatari ya kuanguka, nayo ni hatari ya watu wawili.

Wala tusiwasahau mama zetu na dada zetu wasio na ofisi, ambao hushinda miguu mitupu katika mashamba ya mpunga ya bonde, katika maji na matope. Wao wamekosa kiatu, na huyu wa ofisini amezidishiwa kiatu. Afisa wa kilimo ama wa afya akiwahimiza wakulima wavae viatu vya kukinga mguu, kisha arudi ofisini amwamuru karani wake avae viatu vya kuumiza mguu, watu watamwamini kwa lipi?

Fungu la nne, habari za nchi nyingine. Yafaa mjue ya kuwa jambo hili limekwisha kusemwa mbele ya mabunge na mawaziri, wala si sisi wa kwanza.

Mwezi wa Desemba 2015, huko London, binti aitwaye Nicola Thorp alifika katika kazi ya mapokezi amevaa viatu vya chini. Akaambiwa hana budi kuvaa visigino vya inchi 2 hadi 4. Aliuliza kama wanaume nao hutakiwa wavae hivyo, akachekwa. Alipokataa akarudishwa nyumbani bila malipo ya siku ile. Aliandika ombi kwa Bunge la Uingereza, na watu zaidi ya 150,000 wakatia sahihi. Kamati mbili za Bunge zilichunguza, zikatoa taarifa yao Januari 2017, na ndani yake mlikuwa na habari za wanawake wengine waliofanya kazi miguu ikitoka damu. Serikali ikajibu kwamba sheria ya usawa ya mwaka wa 2010 yatosha, na mwaka wa 2018 ikatoa maelezo kwa waajiri. Angalieni hapo: sheria ilikuwako miaka yote ile, lakini haikumsaidia mtu mpaka mmoja aliposema.

Mwaka ule ule wa 2017, mwezi wa Aprili, jimbo la British Columbia katika Kanada lilibadili kanuni zake za usalama kazini, mwajiri asiweze kumlazimisha mtumishi kuvaa kisigino kirefu. Na Wizara ya Kazi ya Ufilipino ilitoa amri mwaka huo kwa ajili ya watumishi wanaosimama kazini, kama wauzaji wa madukani, walinzi na wahudumu wa hoteli: viatu viwe vya kufaa, visibane vidole, kisigino kisizidi inchi 1, tena wapewe viti na nafasi ya kupumzisha miguu. Mimi naona amri hii ya Ufilipino ni bora kuliko zote, kwa sababu haikukomesha uovu mmoja tu. Imetazama siku nzima ya mtumishi.

Katika Japani mwaka wa 2019 bibi aitwaye Yumi Ishikawa alianzisha ombi la namna hiyo, akalipeleka wizarani. Waziri alijibu kwamba viatu vile ni jambo linalokubaliwa na jamii kuwa la lazima na la kufaa. Neno hilo halikumaliza shauri. Mwaka uliofuata shirika la ndege la Japan Airlines liliondoa sharti la visigino kwa watumishi wake wanawake. Kwa hiyo waziri alikataa, na mwajiri akakubali. Nasi tusikate tamaa tukinyimwa katika mlango wa kwanza.

Sasa fungu la tano, yatupasayo sisi. Nchi yetu haikosi sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka wa 2004 yakataza ubaguzi kazini, na jinsia imo katika yale yaliyotajwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka wa 2003 yamtaka mwajiri ahifadhi afya ya mtumishi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka wa 2008 yahusu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Sheria hizi hazikutaja visigino kwa jina. Lakini sheria haiwezi kutaja kila kiatu, na kazi ya chama ni kuonyesha mahali ambapo maneno yake makubwa yanakutana na mambo madogo ya kila siku.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Wa kwanza atasema, “Ofisi ni mahali pa heshima.” Nakubali kabisa. Mtumishi wa umma apaswa kuwa safi na nadhifu, nguo zimepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi. Walakini heshima ya mwananchi aliyetoka Maparoni kwa chombo tangu alfajiri ni kupokewa kwa uso mwema na kumalizwa shauri lake. Mwanamke ambaye miguu yamchoma tangu saa 4 hawezi kumpa mgeni wa saa 8 uso mwema. Wa pili atasema, “Wanaume nao huvaa viatu vigumu na tai shingoni.” Ni kweli, lakini kiatu cha mwanamume hakimwinui juu ya vidole vyake. Wa tatu atasema, “Wanawake wenyewe wanavipenda.” Wanaovipenda na wavivae, harusini na hata kazini, ni hiari yao, mimi sikuja hapa kumvua mtu viatu. Neno langu ni juu ya amri. Kitu ukivaacho kwa hiari waweza kukivua kikikuumiza, na kitu uvaacho kwa amri huwezi.

Basi, Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ufikiri mambo manne.

La kwanza, chama kiwaandikie wakuu wa ofisi na waajiri wa wilaya hii, kwa adabu na kwa maneno machache, kwamba kanuni ya viatu iwe moja na iandikwe: viatu safi, vya heshima, visivyobana vidole, na mtu yeyote asilazimishwe kuvaa kisigino kinachozidi inchi 1. Amri iliyoandikwa yaweza kujadiliwa, bali amri ya mdomo haishikiki.

La pili, mjamzito, na mwenye matende, kisukari, au ugonjwa wowote wa miguu, aruhusiwe kuvaa makubazi mazuri au raba bila ya kuulizwa kila siku mbele ya watu. Cheti cha daktari kikitakiwa, kitakiwe mara moja, kiwekwe katika jalada lake, na siri yake ihifadhiwe.

La tatu, asimamaye dirishani ama mapokezini apewe kiti. Kiti kirefu nyuma ya meza hakigharimu fedha nyingi, na mwananchi hadharauliwi akihudumiwa na mtu aliyekaa. Na kiatu maalumu kikitakiwa kwa kazi, kama buti la kuteremkia delta, anunue yule anayekitaka, maana kiatu cha namna hiyo ni chombo cha kazi kama kalamu na daftari.

La nne ni letu wenyewe. Kila tawi lichague mwanamke mmoja atakayepokea mashauri ya wenziwe kwa faragha na kuyafikisha kwa Katibu bila ya kutaja jina. Nasema mwanamke, kwa sababu kuna mambo ambayo binti hatayasema mbele ya wanaume, hata wawe wema kama ninyi. Na sisi makarani wakubwa, waume kwa wake, tuache kuwatania wasichana wa kazi kwa viatu vyao. Dhihaka ya mwenzio huuma kama amri ya mkubwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni mdogo: mchubuko nyuma ya kisigino, sugu chini ya kidole, binti anayevua viatu chini ya meza akidhani hakuna amwonaye. Ukuta utakaojengwa baadaye ni goti lisilokunjika, mguu uliovimba, na mtumishi mwenye ujuzi wa miaka 20 aliyeacha kazi kabla ya wakati wake. Kuuziba ufa huu kwataka barua moja, viti vichache, na sisi tulio hapa kukubali ya kuwa mguu wa mwanamke wa kazi ni mali ya mwenyewe.

Naliacha shauri hili mikononi mwa mkutano.